Siku yangu kauntani: elfu sitini za kompyuta ya gemu, Kisumu

Saa 12:30 asubuhi

Basi la usiku limeshaingia na ofisi ya mizigo imefungua mlango nusu. Mteja wangu wa Kondele anasubiri kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, RX 580 ya mtumba, na muuzaji wa Nairobi ameituma ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyozungushiwa selotepu mpaka maandishi hayaonekani. Natia sahihi kwenye daftari, napanda boda, tunashuka mjini.

Mimi ni fundi wa kompyuta za gemu, na karibu vipuri vyote tunavyofunga huku hulala njiani kutoka Nairobi. Kikija kibovu, nauli ya mzigo unailipa tena kukirudisha, na mteja anakupigia simu mchana kutwa. Kwa hiyo hakuna kipuri kinachofika mkononi mwa mteja kabla sijakipima.

Saa 2:00

Duka ni kaunta moja niliyokodi nyuma ya duka la simu, hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga. Nafungua kadi. Feni zinazunguka vizuri, lakini chini yake pesti ya kupitisha joto imekauka na inabanduka vipande vipande. Hilo halinitishi. Kadi nyingi za mtumba zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, na Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi mnamo Septemba 2022, zilimwagika sokoni dunia nzima. Iliyochimba ikasafishwa na kupakwa pesti mpya, mimi naifunga bila wasiwasi kuliko iliyokaa stoo yenye unyevu.

Kinachonitisha ni jina. Naichomeka kwenye mashine ya majaribio, nafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ilivyo ndani, naangalia mstari wa viini, yaani vipande vinavyofanya hesabu: 2048. RX 580 kamili, ile ya 2017, ina viini 2304. Hii ni toleo lililotoka 2018 kwa soko la China, na kwa kweli ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Kadi ni nzima, inafanya kazi, ila imeuzwa kwa bei isiyo yake.

Namtumia muuzaji picha ya skrini. Jibu: "Boss, hizo zote ni moja." Namwandikia kwamba zingekuwa moja zisingekuwa na namba mbili. Kimya. Kabla ya saa nne M-Pesa inalia, amerudisha elfu mbili. Mwenye kadi wa Kondele namweleza yote kwa simu, namkatia zile elfu mbili, anaichukua hivyo hivyo. Anacheza FIFA na GTA 5 tu, tofauti hataiona.

Saa 3:40

Anaingia mama mmoja, mwalimu kutoka Ahero, na kijana wake anayesoma Maseno. Kijana ana karatasi. Mama ana pesa. Sacco imetoa mkopo, elfu sitini, na humo itoke kompyuta, monita na kila kitu.

"Fundi," anasema mama, "huyu ananiambia ni ya masomo. Mimi nimefundisha miaka mingi, najua ni ya nini."

Kijana anacheka akiangalia chini. Kwenye karatasi ameandika i7, jina la prosesa, akaipigia mistari miwili. Kuna duka wamepitia, wakaonyeshwa mashine ya ofisi, ile nyembamba ya kulaza, i7-6700, imebandikwa taa za rangi, elfu thelathini na nane.

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na sioni haya kuchukua muda. Namuuliza kijana anacheza nini. Valorant, GTA 5, na Counter-Strike akipata bando. Basi tunaanzia hapo.

i7-6700 ni ya mwaka 2015. Ina viini vinne. Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nina mashine ya i5-8500 ya mwaka 2018 iliyokuja na shehena ya ex-UK, elfu ishirini na moja. Ina viini sita, Windows 11 inaikubali bila ujanja. Yaani i5 inaishinda i7, na inabidi nilirudie hilo mara ya pili kwa sababu mama ananitazama kama mtu anayetaka kumuuzia kitu cha chini.

"Mwalimu, 8500 na 6700 ni kama darasa la nane na darasa la sita. Wa sita akiwa namba moja, bado yuko la sita."

Hapo anaelewa haraka kuliko mwanawe.

Lakini prosesa si tatizo kubwa la ile mashine nyembamba. Tatizo ni keisi. Kadi ya kawaida haiingii humo, lazima utafute ile fupi, nayo ni adimu na ghali. Tena pawa saplai yake, kisanduku kinachogawa umeme, ni ndogo, na huwezi kuibadilisha kirahisi: mashine nyingi za ofisi za Dell na HP za miaka hiyo hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Ukinunua nyembamba, umeshachagua kadi bila kujua.

Yangu ni keisi kubwa ya kusimama, pawa saplai wati 260. RX 580 hapo siweki, yenyewe peke yake inaitisha wati 185 na waya wake maalumu. Naweka GTX 1650 ya GB 4: wati 75, inajilisha kwenye bodi yenyewe, haitaki waya wowote. Ninayo ya mtumba, elfu kumi na nne. Kuna kadi zenye nguvu kuliko hiyo kwa bei ya karibu, nakubali, lakini hazitawaka humu.

Kijana anauliza kuhusu RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Mashine ina kijiti kimoja cha GB 8. Tunaongeza cha pili kinachofanana nacho, maana vijiti viwili hufanya kazi sambamba na gemu huacha kukwamakwama. Elfu sita. Mama anashtuka, na ana haki; bei ya RAM imepanda vibaya tangu kampuni zinazojenga vituo vya akili bandia zianze kununua chipu za kumbukumbu kwa wingi. SSD ya pili, ya kuhifadhi gemu, elfu sita na mia tano, kwa sababu GTA 5 peke yake hula zaidi ya GB 100 na ile ya GB 256 iliyomo itajaa mapema. Monita ya inchi 22 elfu sita na nusu, kibodi na mausi elfu moja na mia tano. Zinabaki elfu nne na mia tano. Kijana anataka feni za taa. Mimi nataka UPS ya mtumba, betri ya kushika mashine stima ikipotea, elfu nne.

"Nyathina," yaani mwanangu, mama anasema, "taa utapewa na stima."

Saa 7:00

Ugali, omena, sukuma. Simu nimeizima.

Saa 8:15

Nafunga. Vumbi kwanza, pesti mpya, RAM, kadi. Naingia BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, kuhakikisha kinga mbili za usalama, TPM na Secure Boot, zimewashwa, maana Valorant kwenye Windows 11 hukataa kufunguka bila hizo, na sitaki simu ya usiku wa manane.

Saa tisa kasoro, stima inapotea mtaa mzima. Inarudi, inapotea, inarudi kwa nguvu mpaka balbu inang'aa kupita kawaida. Mama, ambaye amekaa muda wote kwenye kiti cha plastiki akisahihisha madaftari, anaitazama UPS ikilia, halafu ananitazama mimi. Hasemi kitu.

Kwa wanaojenga mashine mpya kutoka mwanzo, pawa saplai naipima kwa mkono kabla ya macho. Zipo zile za elfu mbili zilizoandikwa wati 500, ukiinyanyua ni nyepesi kama mkebe mtupu. Afadhali ya mtumba yenye alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi, kutoka kampuni inayojulikana. Ile nyepesi ikiungua inaweza kuondoka na bodi na kadi.

Saa 10:30

Majaribio ya joto. Kadi imetulia kwenye nyuzi 71, na nje mji bado unachemka. Namwonyesha kijana jinsi ya kufungua ubavu na kupuliza vumbi, na namwambia chumbani asiweke mashine chini ya dirisha. Wenyeji wa karibu na ziwa wanajua: wale wadudu wadogo wakija kwa makundi usiku hufuata mwanga, na feni huwavuta ndani. Niliwahi kufungua keisi ya Dunga yenye taa za rangi zote na uso wa wavu; ndani kulikuwa na zulia lao. Sijawahi kuziuza zile keisi kwa watu wa huko tena, wakinuna wanune.

Wanaondoka na boda mbili, monita ikiwa imekumbatiwa na mama.

Saa 2:00 usiku

WhatsApp. Mwanafunzi mwingine: ana elfu thelathini, anataka GTA 5.

Namjibu achukue keisi kubwa yenye i5-8500 bila kadi, aongeze kijiti cha RAM. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa itacheza Valorant kwa mipangilio ya chini, na GTA 5 akishusha ukubwa wa picha. Kadi isubiri HELB, mkopo wa wanafunzi.

Anatuma vicheko, kisha: "Na ile nyembamba ya elfu kumi na tano?"

Namwuliza HELB ikiingia, kadi ataichomeka wapi. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Atakuja Jumamosi.