Amka, Ukamwombe Mungu Wako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimebanwa na mstari mmoja, Yona 1:6. Merikebu inakaribia kuvunjika, mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake, na nabii wa Mungu wa kweli amelala fofofo huko chini. Anayekuja kumwamsha ni nahodha asiyemjua Bwana: "Amka, ukamwombe Mungu wako."

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria merikebu ile tunaijua. Usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake, ndani ya mtumbwi mmoja yupo Mkristo, yupo Mwislamu, na yupo anayetegemea mizimu ya kwao. Upepo ukibadilika, kila mmoja anaita kwa namna yake. Ni hivyo hivyo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, kwenye daladala, na katika nyumba za kupanga ambako familia nne za dini mbili zinachangia bomba moja. Ndiyo maana swali hili halikauki kwenye jumuiya zetu: kukaa na watu wa dini nyingine hakutaninyang'anya imani?

Ninavyoona mimi, ukikutana na dini nyingine, kwanza yanaonekana mapengo yaliyokuwepo siku zote. Adhana ya alfajiri ikisikika Igoma au Kirumba, jirani yako anatoka kitandani, anatawadha kwa maji baridi, anasimama kuswali. Atafanya hivyo tena adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Wewe unageukia ukutani. Halafu ukiona moyo unakosa raha, unasema dini yake inakusumbua! Mpendwa, huyo ni nahodha anakuamsha.

Tena utaratibu wa saa za maombi tunao tangu zamani. Danieli, akiwa Babeli katikati ya miungu ya watu, alipiga magoti mara 3 kwa siku (Danieli 6:10). Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa alasiri (Matendo 3:1). Sisi tumeyaacha mpaka tunadhani ni mambo ya Waislamu.

Basi tuanze hivi. Chagua nyakati 3, na kila wakati uufunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukosa: kabla ya kutoka nyumbani, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya kuzima taa. Dakika 10 zinatosha kwa kuanzia. Wengi wanaanguka kwa sababu wanaanza na saa nzima kwa ari ya mkutano wa injili, na wiki haijaisha wamechoka na wameona aibu kurudi. Simu iwe mbali. Ukisoma Biblia kwenye simu, zima data kwanza. Soma zaburi kwa sauti, hata ya chini, maana macho peke yake husinzia. Zaburi ni 150. Ukisoma 5 kwa siku unamaliza kwa siku 30. Ila Zaburi ya 119 ina mistari 176, ipe siku yake peke yake, usije ukakwama hapo kama wengi wanavyokwama. Anayevua usiku asijihukumu kwa ratiba ya mwenye duka: asubuhi yake ni anaporudi mwaloni, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ikapumzika, hizo ndizo siku zake za kusoma sana. Ukikosa wakati mmoja, shika unaofuata. Usifidie, usiache. Fanyeni hivi, wapendwa wangu, na mtashangaa jinsi maswali ya jirani yanavyopungua uzito mtu anapokuwa ameongea na Baba yake asubuhi ile ile.

Maswali yenyewe yatakuja tu. Kubwa ni la "Mwana wa Mungu". Mwislamu amefundishwa kwa Sura ya 112 kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, kwa hiyo akikusikia anadhani unasema Mungu alioa akapata mtoto. Usikasirike. Mwambie hata sisi hilo tunalikataa, kisha fungua Yohana 1:1 na 1:14, Neno aliyekuwako mwanzo akafanyika mwili. Usipolijua jibu, mwambie utalitafuta, ukalitafute kweli. 1 Petro 3:15 inataka tujibu kwa upole na kwa hofu. Na unapoieleza dini yake, ieleze ili yeye mwenyewe akikusikia akubali kwamba ndivyo anavyoamini. Kinyume na hapo ni kumshuhudia jirani uongo. Hekalu la Wahindu pale mjini nalo, kama hujui wanachokiamini, nyamaza kwanza au uulize.

Sasa niseme lililo zito. Tunaogopa msikiti wa jirani, na mtumbwi wetu umezindikwa. Mtu anaimba kwaya Jumapili, Jumatatu anavuka kwenda kwa mganga kutafuta dawa ya samaki, chale ziko kifuani chini ya shati la kwaya. Kanda yetu hii imeona ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu waganga waliwaahidi watu utajiri wa ziwani na wa migodini. Na mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje wanyama wa bucha, Mkristo au Mwislamu, ulifika Buseresere, Geita, mchungaji akauawa. Paulo alishatuambia kinachouzwa sokoni tule bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri (1 Wakorintho 10:25). Damu ikamwagika kwa ajili ya kisu cha bucha, na hirizi zikabaki salama viunoni mwetu. Hapana, wapendwa. Hapana!

Someni Matendo 19 polepole. Waamini wa Efeso walileta vitabu vyao wenyewe vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, thamani yake vipande vya fedha elfu 50. Lakini mji ulipochafuka kwa ajili ya Artemi, mungu mke wa Waefeso, ni karani wa mji aliyesimama kuwatetea akina Paulo kwamba hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wao (mstari wa 37). Moto uliwaka kwenye mali zao wenyewe.

Mwenye hirizi nyumbani au kwenye mtumbwi aje kwa mzee wa kanisa wiki hii, aje nayo mkononi. Usiitupe ziwani kimyakimya usiku, maana aliyeitupa peke yake huirudia peke yake samaki wakiadimika. Tutaiteketeza pamoja, tutaomba pamoja, na hakuna atakayeulizwa aliinunua kwa nani wala kwa bei gani.