Jagi la Wodini

Jumatatu ya wiki ya 4, mama hakuwekewa dawa. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, anapigwa mionzi siku 5 kwa wiki, na kila Jumatatu anapewa sisplatini, dawa ya saratani ya kuwekwa kwa dripu. Utaratibu nilishaujua: damu ipimwe, dripu za maji ya chumvi zitangulie, ndipo dawa ifuate. Siku ile daktari aliikazia macho karatasi ya majibu. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, 168. Wiki iliyopita ilikuwa 74.

"Mama, nyumbani unakunywa maji?"

"Nakunywa, mwanangu."

Hakuwa akinywa. Tangu Jumanne kila alichotia mdomoni kilirudi, nami nilihangaika na uji na vidonge vya kuzuia kutapika, vikombe vya maji sikuvihesabu. Daktari akanigeukia: kuna dawa nyingine mliyompa? Nikakumbuka diklofenaki. Alhamisi usiku mgongo ulimuuma hadi akalia, nikakimbilia duka la dawa la mtaani. Alimeza siku tatu, akapata usingizi, nikashukuru Mungu.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba sisplatini hutoka mwilini kupitia figo, na ikikaa mle huunguza vijifereji vyake. Zile dripu ni za kuisukuma itoke. Mwili ukikauka, kisha diklofenaki ikapunguza damu inayofika kwenye figo, zinaumia maradufu. Nilishindwa kumtazama mama.

Akalazwa. Nilipewa jagi la plastiki lenye alama za mililita, nipime mkojo wote na kuuandika. Usiku wa kwanza ulipatikana 150 tu, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kila nilipoliinua jagi kwenye taa, mama aligeukia ukutani kwa aibu. Misuli ya miguu ikamkaza; madini ya magnesi mwilini yalikuwa yameshuka, wakayaongeza kwenye dripu. Kichefuchefu kilipotulia kwa sindano, nilimnywesha maji kwa kijiko cha chai, kimoja kimoja, mpaka alfajiri.

Sisplatini hakupewa tena, akamalizia kwa mionzi tu. Kreatinini ilishuka hadi 110, ikagoma hapo. 74 hatukuiona tena.

Lakini asubuhi ya siku ya nne wodini jagi lilifika 900, mkojo umepauka kama maji ya ndimu. Safari hii hakugeukia ukutani. Alijiinua kwa kiwiko, akaisoma ile alama mwenyewe.

"Haya, andika," akasema.