Kuku wa Pongezi

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mvua za kwanza pale Kongwa zilinyesha kwa kishindo, kisha zikakata. Mtama ulikuwa umefika magotini. Asubuhi moja baba mdogo akarudi kutoka shambani bila jembe, akasema tu, "Njooni muone."

Viwavi weusi, wenye michirizi ya njano ubavuni, walikuwa wamebanana hadi ardhi ikaonekana inatembea. Ukinyamaza uliwasikia wakitafuna. Karanga za mama, zilizopandwa katikati ya mtama huohuo, hawakuzigusa hata jani. Viwavijeshi chakula chao ni nyasi na nafaka, basi. Lakini siku ile ilituuma kama vile wanatuchagulia. Tulichimba mfereji, tukawaponda kwa fimbo na miguu. Wa nyuma walipita juu ya wenzao.

Kisha asubuhi nyingine hayupo hata mmoja. Mzee wa jirani, aliyekuwa amefukiza dawa zake mpakani, akapewa pongezi, na kuku.

Bwana shamba alifika na baiskeli yake kuku akiwa bado ananyonyolewa. Hakubishana na mtu. Aliomba jembe, akakwangua udongo kina cha vidole viwili hivi, vikatoka vidude vya kahawia ving'avu, mfano wa kokwa za tende, vikitikisa ncha.

"Hawa hapa. Hawajaenda popote. Baada ya siku kumi hivi watatoka wakiwa nondo."

Ndipo tukajua wale nondo wa kijivu waliokuwa wakiizonga chemli mvua zilipoanza walikuwa wageni wa namna gani. Jike hutaga mayai kwa mamia, akayafunika kwa vinyoya vya tumbo lake. Kiwavi akikua peke yake huwa wa kijani na mtulivu. Wakisongamana hugeuka weusi, na hapo ndipo balaa.

"Wakitoka watakula tena?" mama akauliza.

"Nondo hali mtama, mama. Watapaa na upepo, wakatage kwingine. Kizazi kwa kizazi wanasogea kaskazini: Arusha, Kenya, mpaka Ethiopia."

Baba mdogo hakusubiri maelezo yaishe. Alichukua jembe lake akaanza kufukua, na mama akafungulia kuku wake wote waje wale. Sisi tukatumwa kutafuta mbegu ya uwele ya kupandia upya.

Mzee wa jirani hakudaiwa kitu. Kuku alishaingia chunguni.