Nilivyosoma Shahada ya Maabara ya Tiba kwa Kufuata Ugonjwa Mmoja

Nilipoanza shahada ya kwanza ya sayansi za maabara ya tiba jijini Dar es Salaam, nikiwa nimetoka kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, kilichonilemea hakikuwa ugumu wa somo lolote moja, bali jinsi masomo yalivyokuja kila moja kivyake. Biokemia ilikuwa na mhadhiri wake na mtihani wake, fiziolojia vivyo hivyo, jenetiki vivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa na muda wa kutuonyesha yanapokutana. Wenzangu wengi walikusanya mitihani ya miaka iliyopita na kukariri majibu yake. Siwalaumu, kwa kuwa njia hiyo humwokoa mtu na sapu, yaani mtihani wa marudio, ila mimi kila nilichokikariri kilinitoka mara tu muhula ulipokwisha.

Niliamua kuchagua ugonjwa mmoja na kuupitisha katika kila somo. Nilichagua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwanza kwa sababu binamu yangu anaishi nao, na pili kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao. Nilinunua kauntabuku moja, na kila baada ya mhadhara nilijiuliza yale niliyofundishwa siku hiyo yanaeleza nini kuhusu mgonjwa wa selimundu. Jibu niliandika kwa maneno yangu, hata kama lilikuwa sentensi moja tu.

Biokemia ndiyo iliyonilipa zaidi. Asidi za amino, yaani vipande vinavyojenga protini, ambazo hapo awali zilikuwa orodha ya majina ishirini na michoro yake, zilipata maana nilipofika kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ambako kwa mgonjwa wa selimundu nafasi ya sita, iliyo ya asidi ya glutamiki, inachukuliwa na valini. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakwepa. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, himoglobini iliyoachia oksijeni hushikana na nyenzake na kuunda nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu iwe kama mundu, na chembe ambayo ingeishi siku 120 hivi huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Nilipoyaelewa hayo sikuhitaji tena kukariri kwa nini mgonjwa huyu ana upungufu wa damu, kwa nini macho yake huwa ya manjano, wala kwa nini uboho wake hufanya kazi kupita kiasi.

Chaji hiyo hiyo nilikutana nayo tena mwaka uliofuata, katika mazoezi ya hematolojia, yaani somo la damu. Katika elektroforesisi ya mazingira ya alkali, kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme, himoglobini ya kawaida hukimbilia upande chanya, na ile ya selimundu hubaki nyuma kwa sababu imepoteza sehemu ya chaji yake hasi. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 1949, na miaka michache baadaye mwanasayansi Vernon Ingram akalitambua badiliko lenyewe la valini. Nilifurahi pia kufahamu kwa nini kipimo cha kuchanganya damu na metabisulfiti, kemikali inayoondoa oksijeni, juu ya slaidi hakitoshi: chembe hupinda kwa mgonjwa na kwa mbebaji pia, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, hivyo hakiwatenganishi. Na siku tulipoangalia kwa hadubini vitone vya Howell-Jolly, ambavyo ni mabaki ya kiini yanayoondolewa na bandama yenye afya, nilijua mara moja kwamba bandama ya mgonjwa huyo haifanyi kazi tena, na kwamba hiyo ndiyo sababu watoto wenye selimundu hupewa penisilini ya kuwakinga na bakteria wa nimonia. Mikrobiolojia na famakolojia ziliingia katika daftari kwa mlango huo.

Kwa jenetiki nilimtegemea mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria lakini wachache nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba kubeba jeni hiyo humkinga mtu na malaria. Hesabu za jeni katika jamii, ambazo darasani zilionekana kavu, nilizifanyia mazoezi hapo: jeni ikiwa na kiwango cha asilimia 10, wabebaji huwa asilimia 18, na watoto wanaozaliwa wagonjwa asilimia 1. Takwimu sina mengi ya kuzisema. Nilizifaulu kwa kufanya maswali mengi na basi.

Njia hii ina mipaka yake. Somo la mfumo wa kinga ya mwili liligusa selimundu kwa sehemu tu, hasa katika hatari za kuongezewa damu mara kwa mara, na mengine yote nilisoma na kikundi cha watu wachache, kila mmoja akifundisha mada moja ubaoni huku wengine wakimkatisha kwa maswali. Parasitolojia, ukiacha malaria, haikuingia katika kauntabuku ile kwa namna yoyote ya maana. Mayai ya minyoo niliyajifunza kwa kuyachora baada ya kila zoezi la maabara, kisha kuyachora upya siku iliyofuata bila kutazama kitabu, mpaka nikaacha kubabaika kati ya yai la kichocho cha mkojo, lenye mwiba nchani, na lile la kichocho cha tumbo, ambalo mwiba wake uko ubavuni.