Skrini imefika jamani!

Hatimaye nimewekewa skrini kubwa mezani, hapa hapa Malindi. Mnaonijua mnakumbuka nilivyokuwa nikisoma hesabu za hoteli, pua karibu iguse kioo, na jioni kichwa kinanigonga. Bosi alidhani nataka anasa! Nikampelekea barua ya daktari wa macho pamoja na Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachotupa sisi watu wenye ulemavu, hata wa macho kama mimi, haki ya kupata vifaa vya kutuwezesha. Akasoma, akaguna, akasaini. NVDA, programu inayonisomea maandishi kwa sauti, haikumgharimu hata ndururu. Ni ya bure. Ila inavyotamka “Mambrui”, mji jirani hapa, utacheka ufe. Anayetaka nakala ya barua yangu aje inboksi.