Jigi ya kukatia: skwea imepatikana, ila tundu la skrubu limenizeesha

Hatimaye! Jigi hii ni kitako kinachoteleza juu ya meza ya msumeno, kikibeba ubao ili ukatwe skwea, yaani kwa pembe ya nyuzi 90. Jana usiku ufito wa majaribio umetoka na upana wa mm 20.42 mwisho mmoja na 20.36 mwisho wa pili. Tofauti ya 0.06 kwenye urefu wa mm 400. Igawe kwa nne (sababu iko chini), inabaki 0.015. Nimepima mara tatu nikidhani vernia, kifaa changu cha kupimia unene, inanitania.

Kitako na reli sina la kusema. Plaiwudi ya mm 12, reli za mbao ngumu, nta kidogo, zikateleza. Kazi ya siku moja. Kilichonila wiki mbili ni ukingo wa kuegemezea ubao.

Napima kwa mikato mitano: kila baada ya mkato unageuza ubao, upande uliotoka kukatwa ndio unaoegemea ukingo, na mkato wa tano unatoa ufito mwembamba uliobeba kosa mara nne. Ncha ya ukingo ikiwa imeshikwa na clampu peke yake, ufito wa kwanza ulisoma 21.30 na 20.10. Tofauti 1.2; gawa kwa 4, gawa kwa 400, zidisha kwa mm 600 kutoka skrubu ya egemeo (ile ambayo ukingo unazungukia) hadi ncha ya ukingo. Jibu 0.45. Nikashika fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya), nikaweka jani la 0.25 na la 0.20 pamoja kati ya ukingo na kibao cha kuzuia, nikasogeza, nikakaza skrubu ya ncha.

Nimesogeza upande usio wenyewe. Tofauti ikawa 2.4. Haya, hilo ni langu.

Nikarudisha 0.90, nikakaza. Hesabu inasema sifuri, ufito unasema 2.2. Nikarudia: 2.3. Nikarudia tena: 2.25. Nikailaumu meza, nikalaumu msumeno, nikalaumu mpaka unyevu wa mbao. Nikabana reli zisicheze. Nikachonga ukingo kwa chini ili vumbi lipate pa kujificha, jambo zuri, lakini ugonjwa haukuwa huo.

Siku ya tisa, baada ya kukaza skrubu, nikajaribu kurudisha geji kwenye mwanya ilikotoka, kati ya ukingo na kibao cha kuzuia. Ikagoma kuingia. Mwanya haupo! Nikalegeza skrubu, mwanya huo hapo. Nikakaza, ukafungwa mbele ya macho yangu. Skrubu ilikuwa inarudi kwenye tundu lake la zamani ndani ya ukingo, kama punda anayeijua njia ya nyumbani, na kila ikirudi inauburuta ukingo pamoja nayo. Chini ya milimita moja haitoshi kwa skrubu kujitobolea njia mpya.

Nikahamia mm 50 pembeni, nikabana clampu mbili, nikatoboa tundu dogo kwanza, ndipo nikakaza. Ufito uliofuata ndio huo wa 0.06.

Anayetaka kununua kipimapembe cha dijitali kwa kazi hii, aache. Changu kinasoma hadi nyuzi 0.1, na nyuzi 0.1 kwenye mm 600 ni zaidi ya milimita moja. Skwea yangu ya chuma, kile kifaa cha kupimia pembe, nayo ni nzima, nimeipima kwa kuchora mstari, kuigeuza na kuchora tena. Lakini ni fupi, kosa dogo halioni. Fila geji za mafundi wa magari ndizo zilizoniokoa.

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa kizuizi cha kukatia vipande vya urefu mmoja. Nimekiacha. Nilipoona vipande vinatoka skwea hivi, nikajikuta natengeneza kielekezi cha kutobolea matundu ya rafu: ufito wa mbao ngumu, biti ya mm 5, tundu kila baada ya mm 32. Matundu kumi ya mwanzo yalinyooka kama risasi. Kufikia la thelathini biti imeshaila mbao, tundu la kielekezi limekuwa yai, na pini za rafu zinacheza. Kesho natafuta kipande cha bomba la chuma cha kulivika.