Nilivyotenganisha, kufunga na kuweka lebo taka za asbesto Tabora

Jengo la zamani la taasisi moja hapa Tabora mjini lilikuwa linaezuliwa, nami ndiye niliyekuwa ofisa usalama na mazingira wa mkandarasi. Kwenye kabrasha la kazi taka zote ziliandikwa kwa mstari mmoja tu: "kuondoa asbesto". Lakini juu kulikuwa na mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu ya saruji, na nyuma, kwenye chumba cha boila, mabomba yalikuwa yamezungushiwa tabaka nene jeupe la kuzuia joto ambalo ukiligusa kwa kidole linameguka. Vyote vina asbesto, madini ya nyuzi laini ambazo ukizivuta zinadhuru mapafu. Ukivipakia kwenye lori, hata hivyo, hatari yake hailingani hata kidogo, na ukivifunga pamoja kwa jina moja utakuwa umemdanganya dereva na kila atakayeupokea mzigo huo mbele ya safari.

Nilianza na kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha bidhaa hatarishi. Zinaiweka asbesto kwenye daraja la 9, la hatari mbalimbali, lakini kwa namba mbili. UN 2212 ni ya jamii ya amfiboli: krosidolaiti, yaani asbesto ya bluu, amosaiti ambayo ni ya kahawia, na ndugu zake watatu. Hiyo imo kundi la ufungashaji II. UN 2590 ni ya krisotili, asbesto nyeupe, kundi la III, ambalo masharti yake ni mepesi kidogo. Majina ya rangi yasikupumbaze ukiwa eneo la kazi. Lile tabaka la mabomba lilikuwa jeupe kwa sababu ya plasta na rangi ya mafuta. Kilichomo ndani hakionekani kwa macho.

Kwa hiyo tulichukua sampuli. Tulilowanisha sehemu ndogo kwa maji yenye sabuni, tukakata kipande, tukakitia kwenye mfuko na kuutia mfuko huo ndani ya mwingine, kisha tukaziba tundu tulilolifungua. Majibu ya hadubini yalisema mabati yana krisotili peke yake, na tabaka la mabomba ni mchanganyiko wa krisotili na amosaiti. Kwenye mchanganyiko hatukubishana: palipo na amfiboli, mzigo wote unakwenda kwa UN 2212. Nami hata majibu yasingekuja ningeupa namba hiyohiyo, maana usipoijua aina unachagua iliyo kali zaidi.

Sehemu iliyonisumbua ni mabati. Kanuni hizo zina sharti maalumu namba 168, linalosema asbesto iliyoshikwa na saruji, plastiki, lami au kitu kingine cha kushikamanisha, kiasi kwamba nyuzi za kuvutwa puani haziwezi kutoka kwa wingi wa kudhuru njiani, haibanwi na kanuni za usafirishaji. Mwakilishi wa mteja alipolisoma alifurahi. Akasema basi mabati yaandikwe vifusi vya ujenzi, yaende dampo na trekta. Nilikataa, nikamweleza kwa utulivu kwamba sharti hilo linazungumzia usafirishaji tu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake, hizo bado ni taka hatarishi: zinahitaji kibali, fomu ya kuzifuatilia na mahali palipoidhinishwa pa kuzizika. Mkataba wa kimataifa wa Basel kuhusu taka hatarishi, ambao Tanzania imo, una alama yake kabisa ya asbesto, Y36. Alinuna, lakini alisaini.

Tena si kila bati lilistahili msamaha huo. Bati zima, lenye unyevu, lililofunguliwa misumari taratibu na kuteremshwa kwa mikono, nyuzi zake zimeshikwa na saruji. Bati lililovunjika na kusagika ukingoni, vumbi la darini, udongo uliokwanguliwa chini ya paa, ovaroli na vichujio vya barakoa tulivyotumia, hakuna tena cha kuzishika nyuzi zake. Vyote hivyo niliviandika UN 2590. Mabaki kama hayo ya chumba cha boila yalifuata namba ya chumba chake, 2212. Vijana walizoea haraka. Mwisho wao ndio waliokuwa wakiniuliza, "Kaka, hiki kimesagika, kinaenda wapi?"

Mifuko nayo ina lugha yake. Mfuko ulioidhinishwa una mstari wa herufi uliochapwa: 5H4 maana yake mfuko wa nailoni laini, herufi Y inaonyesha umejaribiwa kwa kundi la II na la III, Z ni kwa kundi la III pekee, namba inayofuata ni uzito wa juu kwa kilo, na S ni kwa vitu visivyo vimiminika. Muuzaji mmoja alituletea mifuko mizuri, minene, yenye Z. Kwa mabati yaliyosagika ilifaa. Kwa amosaiti haikufaa, nikairudisha ile iliyobaki. Kila mfuko ulitiwa ndani ya mwingine, mdomo ukasokotwa, ukakunjwa chini na kufungwa kwa tepu pana, nje ukafutwa kwa kitambaa chenye maji. Mabati mazima tuliyafunga kwa nailoni nzito tabaka mbili.

Lebo ya daraja la 9 ni mraba uliosimama kwa ncha, milimita 100 kwa 100: nusu ya juu ina mistari saba myeusi ya wima, nusu ya chini ni nyeupe, na pembeni ya chini kabisa kuna 9 iliyopigiwa mstari. Pembeni yake namba ya UN na jina rasmi la usafirishaji. Duka la vifaa vya ofisi walinichapia kwenye karatasi, na kwa jua la Tabora la mwezi wa kumi nilijua wino huo usingefika mbali, sembuse mifuko yenyewe ina maji. Nikaenda kwa fundi wa stika za magari na bodaboda, akachapa kwenye stika ya plastiki. Nilimwomba aongeze ya pili kwa Kiswahili, yenye herufi kubwa: TAKA ZA ASBESTO. USIFUNGUE. VUMBI LAKE LINAUA. Hiyo naiona muhimu kuliko zote, kwa sababu mpakiaji anayeushika mfuko hasomi mistari saba.

Jirani mmoja mzee alikuwa amekwisha kutufuata.

"Mwangaluka, mwanangu. Hayo mabati si mnayatupa? Nigawie mawili nikafunike banda la kuku."

"Shikamoo, mzee. Haya siwezi kukupa."

"Mbona tumekaa chini yake miaka yote na hatujafa?"

Nilikaa naye chini ya mwembe tukaongea. Nilimwambia ukweli: bati likiwa zima juu ya paa halimtafuti mtu, ni ukilikata kwa msumeno ndipo nyuzi zinaruka, zikaingia mapafuni na kubaki, na saratani yake inaweza kuchukua miaka 20, 30 au 40 kujitokeza. Ndiyo maana hakuna anayeihusisha na banda la kuku alilojenga ujanani. Aliniambia nani mwingine pale mtaani amekwisha kuokota vipande. Tulivifuata nyumba kwa nyumba, tukavilowanisha, tukavifunga.

Gari ndilo lililochelewesha safari. Hapa malori mengi ya mizigo ni ya wazi, yanafunikwa turubai, na kwa tumbaku hiyo inatosha. Kwa asbesto kanuni inataka mifuko, ya aina yoyote ile, isafiri ndani ya gari au kontena lililofungwa, au iwekwe kwenye kasha gumu lenye kifuniko. Msafirishaji aliapa turubai lake halipitishi hata upepo. Nilishikilia kontena, tukalipata, tukalitandika nailoni chini na kulibandika pande zote nne lebo kubwa za daraja la 9, milimita 250 kila upande.

Kwenye hati ya mzigo kila namba ilipata mstari wake: namba ya UN, neno la kuonyesha kuwa ni taka, jina rasmi, daraja, kundi, idadi ya mifuko na uzito. Mabati mazima niliyaandika peke yake, nikitaja sharti 168 ili trafiki akiuliza kwa nini hayana namba dereva awe na jibu. Dereva nilimpa pia barakoa za P3, zenye kichujio cha vumbi laini, bomba la mgongoni lenye maji, nailoni ya akiba na maelekezo ya ukurasa mmoja: mfuko ukipasuka, lowanisha, funika, weka watu mbali, piga simu, usifagie.

Fomu ya kufuatilia taka iliporudi na saini ya waliopokea, nililinganisha idadi ya mifuko mstari kwa mstari. Ililingana. Ndipo nikaruhusu mafundi wapande kuezeka.